Kitabu nimekiandika mwenyewe, programu ilikuwa ya bure. Iweje leseni inipangie pa kukiuza?

#1 Mwalimu_Chaki
Wakuu, heshima kwenu.

Nina kitabu cha baiolojia cha kidato cha tatu nilichokitengeneza zamani kwa iBooks Author, ile programu ya Apple ya kutengenezea vitabu vya iPad. Shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa na maabara ya Mac, nikawa nabaki jioni kuchora figo, moyo na mfumo wa mmeng'enyo. Maandishi yangu, michoro yangu, maswali yangu. Wanafunzi nilikuwa nawapa bure.

Sasa nimeacha ajira, naendesha kituo cha masomo ya ziada, nataka kitabu kianze kuniingizia chochote. Mwenzangu wa zamani wa ofisi ya walimu kanikata maini. Anasema hicho hakiuziki popote isipokuwa duka la Apple, kwa sababu masharti niliyakubali nilipoipakua programu. Nimewasha ile Mac, nimeyasoma mwanzo mwisho. Kweli kuna kipengele kinasema kazi ikiuzwa, iuzwe kupitia wao.

Sasa wakuu, kitabu ni changu au cha mwenye programu? Wanasheria na watu wa kompyuta nisaidieni. Waliokuja kucheka nao karibuni, nawajua.

#2 Kokoto
Nimeweka kambi. Nondo zishuke.

#3 KisuKikali
Mwalimu, umeshaliwa. Cha bure kina mwenyewe.

Apple waliitangaza ile kitu Januari 2012 New York, kwenye jumba la makumbusho la Guggenheim, Phil Schiller, mkuu wao wa masoko, ndiye aliyepanda jukwaani. Makofi kama yote: programu bure, vitabu vya sekondari dola 14.99 kushuka chini, wachapishaji Pearson, McGraw-Hill na Houghton Mifflin Harcourt wamo. Watu wakaenda kufungua leseni. Mle wakakuta kwamba ukitoza hela kwa kitabu ulichokitengeneza kwa programu hiyo, ruhusa yako ni kukiuza kupitia Apple tu, na kwenye duka lao wanakata asilimia 30.

Halafu ndugu zangu, wakajiwekea na haki ya kukikataa kitabu kwa sababu yoyote wanayoijua wao. Kwa hiyo wakikikataa huuzi kwao, na kwingine huruhusiwi. Kigawe bure au kaa nacho.

#4 Dogo_Fundi
Yaani fundi apewe cherehani, halafu aliyempa amwambie kila gauni atakaloshona alilete dukani kwake? Hii dunia ina mambo.

#5 mtambo_mkuu
KisuKikali kaeleza leseni ya toleo la 1.0 akazima taa akalala. Leseni hiyo iliishi wiki mbili tu. Programu ilitoka tarehe 19 Januari 2012, waandishi wa teknolojia Marekani wakaishukia kwa maneno makali sana, na tarehe 3 Februari likatoka toleo la 1.0.1. Kubwa lililobadilika humo ni maneno ya leseni.

Maneno mapya yanasema kizuizi ni cha faili la aina ya .ibooks linalotoka kwenye programu hiyo. Kazi iliyomo ni yako. Ukiitoa kwa namna nyingine isiyobeba faili hilo, PDF kwa mfano, uza Kariakoo, uza WhatsApp, uza unapotaka. Na ukigawa bure, hata hilo faili la .ibooks ligawe kwa njia yoyote.

Mwalimu, toleo lako ni lipi? Bofya jina la programu kwenye menyu ya juu kushoto.

#6 Mwalimu_Chaki
Ahsante mtambo. Linaanza na 2. Na hilo neno .ibooks limo kwenye masharti, tena mara kadhaa.

#7 KisuKikali
Mtambo usiwasafishe. Faili ndicho kitabu! Video, zile picha za pande tatu unazozigeuza kwa kidole, maswali yanayojisahihisha, vyote vinaishi ndani ya .ibooks. Ukitoa PDF vinakufa, kinabaki kijitabu cha kawaida kama angekiandika kwa Word. Wamemruhusu auze karatasi, kitabu chenyewe wamebaki nacho. Baada ya kelele walibadilisha maneno, mtego ukabaki palepale.

#8 mtambo_mkuu
Hapo nakuunga mkono nusu.

Nusu nyingine ni hii: .ibooks ukiichungulia ndani ni ndugu wa EPUB, aina ya faili la kitabu cha kidijitali. EPUB 3 ilipitishwa Oktoba 2011, miezi michache tu kabla ya ule mkutano wa Guggenheim, na ilikuwa mpango wa wazi ambao yeyote anaweza kuutumia. Apple wakachukua msingi huo, wakaongeza maagizo yao ya kupanga kurasa, wakaupa jina lao. Sasa fikiria wangeacha watu wauze .ibooks popote. Kesho yake wenye vifaa vingine wangetengeneza programu za kuisoma, na sababu ya shule kununua iPad ikapungua. Mimi naona kipengele kile kililinda kifaa. Asilimia 30 ya kitabu cha dola 14 haiendeshi kampuni ile, iPad ndiyo inayoiendesha.

#9 Shangazi_Ughaibuni
Wanangu, shikamooni hamjanipa lakini nawasamehe.

Mimi nauza vitabu vya watoto vya Kiswahili huku Kanada, wateja wangu ni wazazi ambao watoto wao wameanza kujibu Kiingereza mezani. Nilianza na programu hiyohiyo ya mwalimu. Nilisoma kipengele, nikapiga hesabu, nikaamua maandishi na picha nivitoe nivipange upya kwenye EPUB ya kawaida. Kazi ilikuwa ya kuchosha, ila sasa kitabu kimoja kiko maduka manne.

Mtambo, hilo la iPad mimi halinishawishi. Kutengeneza programu nzuri namna ile kuna gharama, na wao hawakututoza hata senti. Lazima ilipwe mahali, na mahali penyewe ni dukani. Wangeiuza dola 200 tusingekuwa na uzi huu. Tungekuwa na uzi mwingine wa kulalamika kwamba ni ghali.

#10 Kokoto
Shikamoo shangazi.

#11 Dogo_Fundi
Shikamoo shangazi. Ila kumbuka programu ile ilikuwa inakaa kwenye Mac peke yake, tena yenye mfumo wa Lion kuendelea. Mac yenyewe mtu ameshainunua kwa mamilioni. Sasa bure ya wapi hiyo?

#12 Shangazi_Ughaibuni
Marahaba. Hapo umenibana kidogo, lakini Mac hununui kwa ajili ya programu moja.

#13 Wakili_wa_Kona
Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. (Kusindikiza mteja, msinipandishe cheo.)

Tutenganishe mambo mawili ambayo mnayakoroga. Kwanza hakimiliki. Kwa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi ya fasihi au mchoro ni ya aliyeitunga tangu anapoitunga. Hakimiliki haihami kwa kubofya, kuihamisha kunataka maandishi. Na leseni ya Apple yenyewe haidai umiliki wa kitabu. Kwa hiyo swali la mwalimu, kitabu ni cha nani, jibu ni chake.

Pili mkataba. Leseni ni ruhusa ya kutumia programu ya mtu, na mwenye programu anaweka masharti ya ruhusa hiyo. Marekani walishalipitia hili kwenye kesi ya ProCD dhidi ya Zeidenberg, 1996. Jamaa alinunua CD zenye orodha ya namba za simu, leseni ikasema ni kwa matumizi yasiyo ya biashara, yeye akaziweka mtandaoni akauza. Orodha ile kwa sheria ya kule haikuwa hata na hakimiliki. Mahakama ya rufaa ikasema masharti ya leseni yanamfunga hata hivyo.

Kwa hiyo ukiuza .ibooks nje ya duka lao, kosa ni kuvunja mkataba na ruhusa yako ya kutumia programu inakoma. Kitabu hakigeuki kuwa chao.

#14 KisuKikali
Wakili, na kama hakusoma? Nani anasoma kurasa zile?

#15 Wakili_wa_Kona
Kutosoma hakujawahi kuwa utetezi mzuri, muulize mtu yeyote aliyesaini mkopo. Kinachoangaliwa ni kama alipewa nafasi ya kuona masharti na akaonyesha kukubali. Hata hivyo mimi nina shaka na upande mmoja: sharti linalofuata mazao ya kazi yako baada ya programu kufungwa ni zito, na hakimu anaweza kulitazama kwa jicho kali. Kuna wenzangu watakaobisha, na wana hoja.

#16 Dogo_Fundi
Kwa hiyo cherehani yangu imeshinda au imeshindwa?

#17 Wakili_wa_Kona
Imeshindwa, mdogo wangu. Cherehani ukinunua ni yako, unaiuza, unaipasua, unaiweka rehani. Programu hununui, unaruhusiwa tu kuitumia. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hivyo kwenye kesi ya Vernor na Autodesk: mtu aliuza nakala zilizokwishatumika za AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, akaambiwa zile hazikuwa mali ya aliyemuuzia, alikuwa na leseni tu.

#18 Dogo_Fundi
Basi cherehani ya kuazima. Mtu akikuazima cherehani, gauni linakuwa la nani? Nasubiri.

#19 Babu_Dijitali
Vijana, mnashangaa kana kwamba Apple ndio walioanza. Nikae niwape historia kidogo.

Office ya Microsoft ile ya nyumbani na wanafunzi, matoleo ya 2010 na 2013, leseni yake ilikataza matumizi ya biashara. Stesheneri ngapi hapa mjini zilikuwa zinachapa barua za kazi na risiti kwa kutumia hiyo? Hakuna aliyekuja kuwakamata, lakini maneno yalikuwa yameandikwa.

Mwaka 2010 kukawa na mjadala mwingine wa video za H.264. Kamera za bei kubwa kabisa, za watu wa kazi, mwongozo wake unasema ruhusa ya kutumia aina ile ya video ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Mpiga harusi anatoa mamilioni kununua kamera halafu kijitabu kinamwambia asifanye kazi.

Upande wa pili kuna GCC, programu huria ya kutafsiri msimbo. Leseni yake ya GPL inasifika kwa ukali, lakini unachokitengeneza nayo ni chako, na vile vipande vyake vinavyoingia ndani ya programu yako wameviandikia msamaha maalumu. Wale wakali wanaosemwa kila siku wamekuachia gauni lako, Dogo.

Na majuzi hapa, Septemba 2023, Unity wanaotengeneza injini ya michezo walitangaza kutoza ada kwa kila mchezo unaposakinishwa. Watengenezaji wakawaka, kampuni ikarudi nyuma kidogo, na Septemba 2024 ikaufuta mpango mzima.

Ninachosema, tofauti ya iBooks Author ilikuwa moja. Wengine walisema usifanyie biashara, au ulipe. Hawa walisema fanya biashara, lakini na sisi tu. Hilo ndilo lililokuwa geni.

#20 Kokoto
Babu umetisha.

#21 Nyuki_Dume
Mbona mnazunguka? Apple walishashitakiwa na serikali ya Marekani kwa hii leseni ya vitabu wakapigwa dola milioni 450. Kesi ilishaisha, mwalimu auze tu.

#22 mtambo_mkuu
Nyuki, hiyo chai.

Kesi unayoisema ni ya bei za vitabu. Serikali ya Marekani iliifungua Aprili 2012, ikidai Apple walikula njama na wachapishaji watano wakubwa kupandisha bei za vitabu vya kidijitali wakati duka lao linaanza. Jaji Denise Cote akaamua Julai 2013 kwamba walivunja sheria, rufaa ikagonga mwamba, Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza Machi 2016, ndipo ile milioni 450 ikalipwa, sehemu kubwa ikarudi kwa wanunuzi. Leseni ya iBooks Author haikuwa ndani ya kesi hiyo.

#23 Nyuki_Dume
Mwaka ni uleule, kampuni ni ileile, vitabu ni vilevile. Nilikuwa karibu.

#24 KisuKikali
Karibu kama Dar na Kigoma.

#25 Msomi_wa_Gikomba
Sasa wadau. Niko Nairobi, nimesoma kutoka juu na bado nashangaa hakuna aliyeuliza swali la maana: huyu mwalimu alikuwa ameajiriwa.

Kwetu sheria ya hakimiliki ya 2001 iko wazi. Kazi ukiifanya ndani ya ajira yako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mkubaliane vingine. Mnapigana na Apple kumbe anayeweza kudai hicho kitabu ni shule. Mac za shule, muda wa shule, silabasi anayofundisha hapo hapo shuleni. Mwalimu, mkataba wako ulisemaje?

#26 Mwalimu_Chaki
Mh. Mkataba wangu unataja vipindi, mshahara na nidhamu. Kuhusu kuandika vitabu hausemi kitu. Na nilikuwa nafanya jioni, baada ya kengele.

#27 Msomi_wa_Gikomba
Jioni, lakini kwa Mac ya nani?

#28 Wakili_wa_Kona
Msomi kagusa penyewe, ingawa sheria ya Kenya haivuki Namanga. Kutumia kifaa cha mwajiri peke yake hakutoshi kuifanya kazi kuwa ya mwajiri. Kinachopimwa ni kama kuandika kitabu ilikuwa sehemu ya majukumu yako. Mwalimu kaajiriwa kufundisha, na kutunga kitabu cha kuuza ni jambo jingine. Lakini kama mkuu wa shule ndiye aliyekutuma uandike notsi za kidijitali za shule, hadithi inabadilika.

Ushauri: nenda kaongee nao, upate barua fupi inayosema hawana madai. Barua hiyo itakusaidia kuliko mabishano yetu yote humu.

#29 Mwalimu_Chaki
Hakunitumia mtu. Alikuwa ananiuliza kwa nini naacha taa zinawaka.

Nina swali jingine sasa. Tuseme PDF nauza, hilo nimelielewa. Je, lile faili la .ibooks lenye maswali yanayojisahihisha, nikiwapa bure wanafunzi wa kituo changu? Wao wanalipa ada ya mwezi ya masomo, kitabu sikitozi.

#30 Dogo_Fundi
Bure ni bure. Wape.

#31 mtambo_mkuu
Dogo tulia. Leseni iliyorekebishwa ina mabano mabaya sana hapo. Inaposema kazi inayotolewa kwa malipo, inaongeza kwamba hata ikiwa sehemu ya bidhaa au huduma ya kulipia kwa vipindi inahesabiwa. Ada ya mwezi inayokuja na kitabu ndani yake inafanana sana na hicho walichokilenga.

#32 Wakili_wa_Kona
Sikubaliani moja kwa moja. Ada ni ya kufundishwa. Mwanafunzi asiyechukua kitabu analipa kiasi kilekile, na kama kitabu kinapatikana bure kwa wasio wanafunzi pia, ni vigumu kusema ni sehemu ya huduma ya kulipia. Mwalimu akikiweka wazi kwa kila mtu, mimi ningemtetea bila wasiwasi. Akikifungia kwa wanaolipa tu, ningemtetea nikiwa nimekunywa maji kwanza.

#33 mtambo_mkuu
Kwa hiyo akitaka kuwa salama, aigawe kazi yake bure kwa dunia nzima. Hiyo ndiyo tafsiri ya mwenye leseni alivyopenda iwe, ama vipi?

#34 Shangazi_Ughaibuni
Na mbona wote mnakwepa swali la duka lenyewe? Tuseme mwalimu mwaka 2012 alikuwa mtiifu, akasema haya, nauza kwenu. Kuuza kitabu cha kulipia kule walitaka uwe na namba ya mlipa kodi ya Marekani. Mimi huku niliipata baada ya makaratasi mengi. Mwalimu wa Tanzania angeanzia wapi? Kipengele kilichoandikwa kwa mtu wa California, kikimfikia mtu wa Iringa kinakuwa katazo kamili.

#35 KisuKikali
Shangazi umemaliza. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo.

#36 mtambo_mkuu
Hukusema hivyo. Ulisema ameliwa.

#37 KisuKikali
Kuliwa kuna namna nyingi.

#38 Sauti_ya_Bandarini
Samahani naingia kati. Wanafunzi wa kituo chako wana iPad? Maana hapa wengi tuna simu za Android, na hata vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyokabidhiwa walimu baadaye ni Android. Faili la .ibooks halifunguki huko. Mnagombania ruhusa ya kuuza kitu ambacho mteja hawezi kukisoma.

#39 Kokoto
😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

#40 Mwalimu_Chaki
Sauti, umenichoma lakini ni kweli. Kwenye kituo mwenye iPad ni mmoja, tena ni ya baba yake.

#41 Babu_Dijitali
Na tusisahau kwamba programu yenyewe ni marehemu. Apple waliiondoa dukani Julai 2020, wakasema watu wahamie Pages, programu yao nyingine ya kuandikia. Aliyekuwa nayo anaweza kuendelea kuifungua mradi Mac yake inaikubali. Mwalimu, ile Mac ikifa kabla hujatoa kazi yako, huna haja ya wakili tena.

#42 mtambo_mkuu
Babu kasema la msingi. Mwalimu fanya hivi wikiendi hii. Fungua kitabu, toa PDF ya ubora wa juu, toa na maandishi matupu. EPUB ilikuja kwenye toleo la 2.3 mwaka 2015, na ni kwa vitabu vilivyoanzishwa kwa kiolezo cha EPUB, kwa hiyo chako huenda kisikupe nafasi hiyo. Hamna neno. Nakili faili la .ibooks, kwenye nakala badilisha mwisho wa jina uwe .zip, lifungue. Ndani utakuta michoro yako na kurasa. Vipange upya kwa Sigil au LibreOffice, zote bure na leseni zake hazikuulizi unauza wapi. Halafu pitisha Calibre kuangalia inavyoonekana kwenye simu.

Maswali yanayojisahihisha utayajenga upya. Hayo hayahami.

#43 Wakili_wa_Kona
Kwenye kubadilisha jina na kufungua, nitasema tu kwamba leseni nyingi za programu zinakataza kupekua programu inavyofanya kazi. Faili lako lenye kazi yako silo programu yao. Lakini chukua michoro na maandishi yako, yale maagizo yao ya kupanga kurasa yaache humo humo.

#44 Msomi_wa_Gikomba
Ukimaliza, mbona usiweke sehemu ya kitabu chini ya Creative Commons? African Storybook wa Afrika Kusini wana hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, leseni inaruhusu mtu kutafsiri, kubadilisha, hata kuchapa, mradi amtaje mtunzi. Sura ya kwanza itolewe hivyo, zinazofuata ziuzwe. Watu wakionja watanunua.

#45 KisuKikali
Au wakionja watashiba.

#46 Nyuki_Dume
Mimi ningempeleka Amazon moja kwa moja. Kule wana Kindle Create, bure pia, inapanga kitabu vizuri.

#47 Shangazi_Ughaibuni
Nyuki mwanangu, umetoka kwenye moto unaingia kwenye jiko. Kindle Create inahifadhi kwa faili la aina ya KPF, na hilo linapelekwa KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu. Duka jingine ukilipelekea hawajui walifanyie nini. Halafu soma vizuri kabla hujaweka tiki kwenye KDP Select: siku 90 kitabu cha kidijitali hakiruhusiwi kuonekana kwingine, hata kwenye tovuti yako mwenyewe, na zikiisha zinajirudia usipozima.

Ila KDP wanapokea EPUB ya kawaida. Tengeneza EPUB yako kwanza, faili mama likae kwako, kila duka lipewe nakala.

#48 Nyuki_Dume
Lakini hao hawakukatazi kuuza kitabu chako. Ni faili tu.

#49 mtambo_mkuu
Kama leseni ya Apple baada ya tarehe 3 Februari 2012.

#50 Nyuki_Dume
Mtambo una kinyongo na mimi.

#51 Binti_wa_Fonti
Nimesoma kimya kimya. Mimi ni mpanga kurasa wa magazeti, na kuna kitu hamjakigusa: herufi, violezo na zile picha za mfano zinazokuja na programu. Wakili kasema kazi ni ya mwalimu. Je, jalada alilipanga mwenyewe au alitumia kiolezo cha Apple akabadilisha jina tu? Mara nyingi leseni za namna hii zinakuruhusu kutumia mapambo yao ndani ya kazi yako lakini si kuyatoa peke yake. Na herufi ukizipachika ndani ya EPUB, leseni ya herufi inaangaliwa upya, maana nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya kompyuta hazijumuishi kitabu cha kidijitali, hiyo unainunua kivyake. PDF nayo kuna herufi zinakubali kupachikwa na nyingine hazikubali.

Mwalimu, umetumia herufi gani?

#52 Mwalimu_Chaki
Zilizokuwemo. Jalada ni la kwao, picha juu yake ni mchoro wangu wa moyo.

#53 Binti_wa_Fonti
Basi jalada lipangwe upya, na herufi chukua zenye leseni huria ya SIL, ziko nyingi na Kiswahili hakizisumbui. Nitumie ukurasa mmoja nikuonyeshe.

#54 Wakili_wa_Kona
Kwenye PDF mimi naona hana tatizo na kiolezo. Kimewekwa ili kitumike.

#55 Binti_wa_Fonti
Kitumike kwenye kazi, sawa, lakini wakili, leseni umeisoma au unaikisia? Weka kipengele hapa.

#56 Wakili_wa_Kona
Nasubiri mwalimu akipige picha, Mac iko kwake.

#57 Dogo_Fundi
Na mimi bado nasubiri lile la cherehani ya kuazima.

#58 Mwalimu_Chaki
Umeme umekata, wakuu. Ukirudi naweka picha za leseni yote, na za mkataba wa ajira nikiupata.